Kilo Tatu za Risasi Chini ya Kitanda

Gladys Bonareri alikuwa fundi wa maabara kwa miaka ishirini na sita katika shule ya upili ya wasichana iliyo juu kidogo ya soko la Keumbu. Walimu wa kemia walikuja wakaenda, wakuu wa shule wakahamishwa, sare ikatoka kijani ikawa buluu, na yeye akabaki na kabati zake za chupa, akijua kila moja ilipokaa hata akifumba macho. Wasichana walimwita Madam Asidi. Walimwita hivyo kwa siri, kwa sababu aliyesikika akilitamka jina hilo alisugua masinki ya maabara hadi Ijumaa.

Alizaliwa Mosocho, wa tatu kati ya watoto tisa. Katika mtihani wa mwisho aliwapita kaka zake wote kwa kemia, lakini ilipofika zamu ya chuo kikuu walipelekwa kaka, naye akapata cheti cha ufundi wa maabara. Hakulalamika. Alishikwa tu na tabia ya kupima vitu. Alipima maziwa aliyouziwa aone kama yametiwa maji. Alipima udongo wa shamba la majani chai kabla bwanake, Haron Ogari, hajatia mbolea. Wakati mmoja kanisani, siku ya meza ya Bwana, shemasi alimkuta akichovya karatasi ya litmasi katika kikombe cha maji ya zabibu. Alipoulizwa alisema hakuwa na shaka yoyote na kanisa, alitaka kujua tu. Wazee walimwombea wiki mbili.

Nyumba yao ilikuwa upande wa Nyamira, dakika ishirini kwa boda boda kutoka shuleni. Haron alikuwa mtu mpole wa maneno machache, aliyeamini kwamba mke anayepima vitu ni afadhali kuliko mke anayepima watu.

Sasa, kuna kilima kiitwacho Rianyagena ambako zamani Wazungu walichimba madini kisha wakaondoka. Mashimo yamejaa maji, na rundo la mawe waliyoyatupa limeota nyasi. Mwaka juzi wasichana wa kidato cha tatu walipelekwa huko kwa ajili ya somo la jiografia, na Gladys akapewa sanduku la huduma ya kwanza aende kuwachunga. Mwalimu alipokuwa akieleza habari za mito, Gladys alitafuta jiwe akaketi. Jiwe lilikuwa baridi, na alipojaribu kulisogeza lilikataa. Lilikuwa dogo lakini zito kama limefungiwa jiwe jingine ndani.

Akainama na kioo chake cha kukuzia, ambacho hakikosi mfukoni mwake. Jiwe lilikuwa la kijivu, liking'aa kama sufuria mpya. Katika nyufa zake paliota vibamba vyembamba, kimoja juu ya kingine kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na rangi yake ilikuwa ile ile ya chai ya maziwa. Juu ya vibamba hivyo palikuwa na uchafu wa manjano, kama unga. Gladys aliupangusa kwa kidole apate kuona vizuri.

Alichukua mawe manne madogo ya aina hiyo hiyo akayatia ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Msichana mmoja alipoteguka kifundo cha mguu saa moja baadaye, bendeji zilipatikana kwenye mkoba wa Gladys, katikati ya ndizi mbivu.

Jumatatu, wanafunzi walipokwenda kula, alifunga mlango wa maabara. Alilikwaruza jiwe kwa ukucha, kisha kwa sarafu, kisha kwa kisu. Alilisugua nyuma ya kigae cha choo aone linaacha alama ya rangi gani. Mwisho alikata kipande kidogo kama punje ya wimbi la uji, akakiyeyusha katika asidi, akadondosha dawa ambayo kila mwaka huwapimia wasichana wa kidato cha nne. Ndani ya testitubu ikashuka rangi ya manjano, ng'avu kama kiini cha yai la kienyeji.

"Ledi," akajiambia. Ile metali nzito ya betri za magari.

Hilo halikumshangaza, maana hayo mawe ya kijivu ndiyo Wazungu walikuwa wakiyafuata. Kilichomshangaza ni zile chapati. Alifungua kitabu kikuukuu cha mawe kilichokuwa kimewekwa chini ya mguu wa meza, akasoma orodha ya madini yote yenye metali hiyo. Palikuwa na meupe, ya kijani, mekundu, hata ya samawati. Ya rangi ya chai hayakuwemo. Akaandika barua pepe kwa chuo kikuu kimoja cha Nairobi, akaambatanisha picha saba na matokeo ya vipimo vyote, pamoja na kile cha kigae cha choo.

Wiki tatu zikapita. Siku ya jibu ilipofika, Gladys alikuwa stejini Keumbu na mkungu wa ndizi begani.

Aliyepiga simu alijitambulisha kuwa Daktari Ombati, mtaalamu wa madini. Kwa asili alikuwa mtu wa Nyanchwa, lakini babake alifanya kazi bandarini Mombasa, na mtoto akakulia huko. Kwa hiyo Ekegusii chake, lugha ya kwao, kilikuwa cha kubahatisha, na Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Kuchanganya lugha kulimuumiza kama jino bovu.

"Bi. Gladys, nimesoma barua yako mara mbili. Unasema ni madini ya ledi. Tuseme risasi, mama. Lugha yetu inalo neno lake."

Gladys, ambaye alipata alama ya juu ya Kiswahili mwaka wake, hakutaka kushindwa. Mtandao ulikuwa mbaya, basi akatua mkungu, akaziba sikio moja, akapaza sauti.

"Ndiyo, Daktari! Risasi ninazo! Kilo tatu hivi!"

Kando yake, Duke, kijana wa boda boda aliyemzoea, aliacha kupangusa pikipiki.

"Ziko chini ya kitanda! Kwa mkebe wa biskuti! Hapana, bwanangu anajua, lakini hajui hatari yake! Sijamwonyesha mtu mwingine! Nakungoja wewe! Uje na gari, kule kilimani ziko nyingi zaidi!"

Alikata simu akiwa na furaha tele, akamwambia Duke ampeleke nyumbani. Duke alimpeleka pole pole kuliko siku zote, akikwepa kila shimo la barabara, na walipofika alikataa kumshushia mkungu mlangoni. Alisema ana haraka.

Jumapili asubuhi, Gladys alikuwa akianika wimbi uani alipoona naibu wa chifu, Bwana Onchiri, akiingia kwa lango. Nyuma yake walikuwa polisi wawili wenye bunduki, koplo mnene na konstebo mwembamba.

"Bwakire, omong'ina," alisema Onchiri, akimwamkia kama mama mtu mzima. Hakusogea karibu. "Tumekuja kwa amani. Tumepata habari kwamba hapa kuna risasi."

Gladys aliinua mikono kwa furaha. "Habari imefika haraka hivyo! Karibuni, karibuni ndani. Mtakunywa chai kwanza, ama mtaziona kwanza?"

Polisi walitazamana.

"Ni za aina gani?" koplo akauliza.

"Hapo ndipo hatujajua. Inawezekana ni aina mpya kabisa, haijawahi kuonekana duniani."

Konstebo alirudi hatua moja nyuma akakanyaga wimbi.

"Umezitoa wapi?"

"Rianyagena, kwa mashimo. Ziko tele. Wazungu waliziacha."

"Na bwanako anajua?"

Haron alitokea zizini na ndoo ya maziwa. "Mimi nilimwambia azitoe chumba cha kulala," alisema. "Anasema nikizigusa lazima ninawe mikono."

Gladys aliingia ndani akarudi na mkebe wa biskuti, akiubeba kwa mikono miwili. "Weka chini! Pole pole!" koplo alifoka, na Onchiri akajikuta nyuma ya mti wa parachichi bila kukumbuka alifikaje. Mfuniko ukafunguliwa. Kila mtu alisubiri. Kuku mmoja alikuja akachungulia, akaenda zake.

"Hizi ni mawe," koplo akasema.

"Ndiyo. Ni mawe ya risasi."

Ilichukua nusu saa na birika zima la chai kueleza kwamba risasi ni metali kabla ya kuwa kitu cha bunduki. Onchiri alielewa haraka, akaanza kucheka kuliko wote, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kusimama nyuma ya mti. Lakini koplo hakucheka. Alikuwa ametoka kituoni na gari na askari, na habari imeandikwa kitabuni kwamba kuna risasi. Hakuweza kurudi mikono mitupu.

"Nitachukua moja kama ushahidi," aliamua.

"Lakini Afande, hilo ni kubwa kuliko yote!"

"Ndiyo maana nimelichukua."

Akaandika: *Risasi, aina ya jiwe, moja.* Wakaondoka nalo kwenye mfuko wa sukari.

Gladys aliuma meno, lakini alikuwa na shughuli nyingine. Daktari alikuwa anakuja Alhamisi, na mawe yaliyobaki yalikuwa machafu. Mtu hawezi kumpokea mgeni kutoka Nairobi akamwonyesha vitu vyenye vumbi. Alivaa glavu, akatia maji kwenye beseni bovu, akachukua mswaki wa zamani wa Haron, akasugua. Alisugua jioni tatu mfululizo. Ule uchafu wa manjano ulitoka wote, maji akayamwaga katika shimo mbali na mboga, na chapati za rangi ya chai zikametameta hata Haron akasema zimependeza.

Daktari Ombati alifika saa kumi jioni, akamsalimia Haron "Bwakire", salamu ya asubuhi. Haron alitazama jua lilipokuwa, akaitikia hivyo hivyo kwa heshima. Mgeni alikuwa mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipoyaona mawe alipiga magoti sakafuni bila kujali suruali.

"Haya ni madini ya upili," alisema kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Tena mazuri mno."

Kwa bahati mbaya mwalimu mkuu, Madam Beverlyne, alikuwa ameshafika pia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwepesi wa kusimama mbele ya watu, na alikuwa amesikia kwamba safari ya shule imeleta sifa.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia Gladys. "Ya upili. Basi ni ya shule. Nitatengeneza kabati la kioo pale ofisini."

"Hapana, Bi. Mkuu," Daktari alisema. "Upili huo si wa shule. Jiwe la kwanza ni hili la kijivu. Hewa na maji ya mvua vimelila kwa miaka mingi, likaoza, na katika kuoza kwake yakazaliwa madini mengine juu yake. Haya yaliyozaliwa baadaye ndiyo ya upili."

"Kwa hivyo lile la kijivu ni la msingi?" Haron aliuliza.

"Barabara kabisa!"

"Basi lipelekewe mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Asije naye akalalamika."

Daktari aliondoka na mawe matatu yaliyofungwa kwa pamba. Gladys alihesabu siku. Alipita kati ya meza za maabara akiwaza kwamba huenda ndani ya mashine moja huko Nairobi kitu alichokikalia yeye kwa makalio yake kilikuwa kinaandikwa kwa mara ya kwanza duniani.

Wiki ya sita simu ililia. Safari hii alikwenda kusimama katikati ya shamba la majani chai, pasipo na boda boda.

"Bi. Gladys, nina habari mbaya. Vile vibamba vya rangi ya chai si vipya. Ni adimu sana, Afrika havijawahi kupatikana, lakini vilishaandikwa ng'ambo miaka mingi iliyopita. Pole, mama."

Gladys aliketi chini. Majani chai yalimfika shingoni.

"Asante kwa kunijulisha, Daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya siku walipopelekwa kaka.

"Ngoja kwanza. Ndani ya ufa mmoja nilikuta chembe nne za kitu cha manjano. Zina risasi ndani yake. Nimezipitisha kwenye mashine ya eksirei mara tatu na hazifanani na kitu chochote kilichowahi kuandikwa. Lakini chembe nne hazitoshi kwa vipimo. Ule mwingine uko wapi?"

"Upi?"

"Unga wa manjano. Lazima ulikuwa juu ya mawe, mwingi tu."

Gladys alichuma jani moja la chai akalikunja mara nne.

"Niliuosha," alisema.

"Umefanya nini?"

"Wewe ulikuwa mgeni, Daktari! Ningekuonyeshaje vitu vichafu?"

Kule Nairobi palisikika sauti ya kitu kuanguka, labda kiti.

Usiku ule hakula. Alimwambia Haron kwamba ameishi na chupa miaka ishirini na sita, akawafundisha wasichana maelfu wasitupe kitu kabla ya kukipima, halafu yeye mwenyewe akachukua mswaki. Haron alitafuna ndizi yake ya kuchemsha mpaka ikaisha.

"Lile la polisi," alisema, "hukuliosha."

Kesho yake mchana Daktari Ombati alikuwa ameshafika. Walikwenda kituoni watatu, yeye, Gladys na Onchiri, ambaye alitakiwa aeleze kwa maandishi kwamba hakuna kosa. Koplo aliwasikiliza akiwa amekunja mikono juu ya tumbo.

"Ushahidi hautolewi mpaka kesi iishe," alisema.

"Lakini kesi haijaanza," alisema Gladys.

"Ndiyo. Na isipoanza, itaishaje?"

Daktari alitaka kujibu, akakosa neno sanifu. Macho yake yakazunguka chumbani yakakwama dirishani. Dirisha lilikuwa limezuiwa na jiwe ili upepo usilifunge.

"Msiliguse!" alipiga kelele. Polisi wote wawili waliinuka. "Niambieni ukweli. Kuna mtu amelifuta lile jiwe?"

Koplo aliona heshima ya kituo imeguswa. "Kituo hiki ni kisafi," alisema. "Tunafagia kila siku, na tunapangusa vumbi kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku! Madirisha yote!"

Daktari alishika ukuta. Uso wake ulibadilika hata konstebo mwembamba akamhurumia. Akamsogelea koplo akamnong'oneza, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. "Afande, pale dirishani hatujawahi."

Daktari alimkumbatia konstebo, na bunduki yake, na kofia yake. Gladys alikwenda dirishani na kioo chake cha kukuzia. Ule uchafu wa manjano ulikuwepo wote, na ulipokuzwa haukuwa uchafu hata kidogo. Zilikuwa sindano ndogo mno, maelfu, zimesimama zikielekea kila upande kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Aliogopa hata kupumua karibu nazo.

Onchiri aliandika barua yake, akaigonga muhuri mara mbili kwa usalama. Koplo alimpa Gladys kalamu atie sahihi. Ndiyo sababu mpaka leo kitabu cha kituo kile kinaonyesha kwamba siku ya Jumanne, saa tisa na dakika kumi, polisi walimkabidhi mwanamke mmoja fundi wa maabara risasi moja, naye akaipokea ikiwa katika hali nzuri.

Baada ya hapo kazi ilichukua miezi kumi na moja. Sindano moja moja ilipandishwa kwenye mashine ili ijulikane atomi zake zimepangwaje, nyingine zikapelekwa ng'ambo kwa mwenzake Daktari aliyekuwa na mashine kubwa zaidi. Walipima uzito, ugumu, jinsi mwanga unavyopita ndani. Iligundulika kwamba mna risasi, alumini, salfa na maji, kwa mpangilio ambao haukuwa umeandikwa popote. Daktari alimtumia Gladys kila ukurasa asome, kwa adabu tu, akidhani ataangalia tahajia.

Gladys alisoma kama anavyosoma karatasi za mtihani, kwa penseli. Jedwali la tatu lilimkera. Alijumlisha asilimia zote, akapata mia moja na nne. Akajumlisha tena. Akapiga simu.

"Daktari, jiwe letu limezidi."

"Limezidi vipi?"

"Limefika mia na nne kwa mia. Nadhani kuna mtu amehesabu maji mara mbili."

Palikuwa na mtu aliyehesabu maji mara mbili, na alikuwa na shahada tatu. Toka siku hiyo Daktari aliacha kumtumia kurasa kwa adabu, akaanza kumtumia kwa hofu. Jina la Gladys likaandikwa la pili kati ya majina matano ya waliofanya kazi hiyo.

Lilibaki jina la madini yenyewe, na hapo ndipo fujo ilipoanza. Ilijulikana mpaka Keumbu kwamba kitu kipya kinatafutiwa jina, na kwamba majina hayo huishia kwa *-iti*. Onchiri alileta barua yenye muhuri akieleza kwamba utawala ndio uliolinda ushahidi. Madam Beverlyne alisema shule ndiyo iliyotoa basi. Duke alizima pikipiki yake mbele ya lango, akavua helmeti.

"Mama, mimi sina makuu," alisema. "Lakini kama sikuenda kusema, polisi hawangekuja. Hawangekuja, jiwe lingeoshwa. Dukeiti. Fikirieni tu."

Hoja hiyo haikuwa na jibu, na haijapata jibu hadi leo. Gladys alimpa chai.

Daktari ndiye aliyekata shauri. "Bonareriti," alisema kwenye simu. Kanuni zilimkataza mtu kuyapa madini jina lake mwenyewe, lakini wenzake waliruhusiwa kuyapa akikubali.

Gladys alikataa siku nne. Watu watasema ana majivuno, alisema, na kanisani watamwombea tena.

"Lakini Bonareri si wewe," Haron alimwambia, akikata nyasi za ng'ombe. "Wewe ni Gladys. Bonareri ni nyanyako aliyekufa kabla hujazaliwa. Wewe ulipewa tu utunze."

Hapo akakubali.

Pendekezo lilipelekwa kwa kamati ya wataalamu wa nchi nyingi, ambao hupiga kura kama madini mapya yakubaliwe au la. Jibu lilikuja asubuhi ya mtihani wa majaribio: kumi na sita waliunga mkono, wawili walipinga. Gladys aliweka simu kifudifudi juu ya meza, akawagawia wasichana testitubu zao hamsini na nne, akahakikisha hakuna iliyo na ufa, kisha akaingia katika stoo ya dawa akalia dakika tano. Haron alipoambiwa alifurahi sana, lakini alitaka kujua wale wawili ni akina nani na wanatoka wapi.

Jumapili iliyofuata walifanya chakula cha shukrani nyumbani. Gladys alipika kwa watu thelathini. Walikuja tisini, na kati yao akina Bonareri kumi na mmoja, kila mmoja amevaa vizuri, kila mmoja akipokea pongezi. Mmoja alitoka Nyanchwa kwa teksi. Mwingine alikuwa ameshachapisha jina hilo kwenye kibanda chake cha kuuza nguo, na mshale wa kuonyesha mlango.

Bonareri mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka tisini na kitu, mjane wa ukoo wa Haron, na aliletwa kwa mkono akaketishwa karibu na Daktari Ombati. Alimwita Gladys ainame.

"Hilo jiwe letu liko wapi?"

"Liko makumbusho ya Nairobi, omong'ina. Limefungiwa kwa sanduku la kioo."

"Ni kubwa?"

"Sindano moja haifiki punje ya wimbi."

Bibi alifikiri. "Linaliwa?"

"Haliliwi. Ni sumu."

"Ee. Na linaishi miaka mingapi?"

Gladys alimtazama Daktari, naye Daktari akamwachia ajibu.

"Likikaa pakavu litakaa sana. Likipigwa na mvua na hewa, litaoza pole pole, liwe kitu kingine chenye jina lingine."

Bibi aligeuka akamshika Daktari mkono wa shati, akamwambia jambo refu kwa Ekegusii. Daktari aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, kisha akamgeukia Gladys kwa aibu.

"Amesema nini?"

"Anasema mwambie mwenye makumbusho atazame paa lake," alisema Gladys. "Na anauliza kama hiyo nyama unaila, ama apewe yeye."